Je, Fundi Alipwe Kabla ya Gari Kununuliwa?

Mtu anayekwenda kununua ng'ombe katika mnada wa Msalato, nje kidogo ya jiji la Dodoma, aghalabu hana haja ya kumlipa mtaalamu. Humfungua mnyama mdomo akayatazama meno. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu ya mbele huota ng'ombe akiwa na umri wa miaka miwili hivi, na jozi zote nne huwa zimekamilika akifika miaka minne au mitano. Kisha mnunuzi hutazama macho, manyoya na mwendo. Muuzaji anamjua ng'ombe wake zaidi, hapana shaka, lakini tofauti ya maarifa kati yao si kubwa, kwa kuwa wote wawili wamekulia zizini.

Gari lililotumika ni kitu cha namna nyingine kabisa. Rangi yaweza kupigwa upya kwa siku mbili. Mita ya kilometa yaweza kurudishwa nyuma. Herufi za namba ya usajili, ambazo kwetu zimekuwa kama cheo, hata mtu akasema kwa fahari kwamba gari lake ni «namba D», zinaeleza tu ni lini gari hilo lilisajiliwa Tanzania. Hazisemi liliundwa mwaka gani huko Japani, wala limepita katika mikono ya nani. Mwaka wa kuundwa umo katika kadi ya gari, na ni jambo la kustaajabisha jinsi wanunuzi wengi wanavyozikariri herufi za kibao bila kuisoma kadi. Hali ya ringi za pistoni, ya giaboksi na ya gasketi haiandikwi popote. Mwenye gari anaijua, au anaihisi. Mnunuzi haijui.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo walimu na watumishi wengi wamelikabili, hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016: mtu amekopa katika chama chake cha akiba na mikopo, amepata gari, na fundi anadai malipo ili alikague kabla halijanunuliwa. Je, amlipe? Wengine hujibu kwamba ni lazima, kwani tahadhari haina hasara. Wengine husema ni kutupa fedha, maana fundi naye hubahatisha. Majibu yote mawili yana kasoro moja: hayana hesabu ndani yake. Na hesabu ipo, wala haizidi ile ya uwezekano inayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Kwanza tulitazame soko lenyewe. Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani George Akerlof alichapisha makala mafupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameyakataa kabla ya jarida la nne kuyapokea. Mwaka 2001 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Huyu Stiglitz alifanya kazi Nairobi kuanzia 1969 hadi 1971, na ameeleza mwenyewe kwamba miaka ile ya Kenya ilimsaidia sana katika kuifikiria nafasi ya habari katika uchumi.

Hoja ya Akerlof ni hii. Tuseme nusu ya magari sokoni ni mazima, na kila moja lina thamani ya shilingi 10,000,000 kwa mnunuzi. Nusu ni mabovu, na thamani yake ni 6,000,000. Mnunuzi asiyeweza kuyatofautisha atakubali kulipa wastani, yaani 8,000,000. Lakini mwenye gari zima, anayejua kwamba ni zima, hataki kuliachia chini ya 9,000,000. Basi analiondoa sokoni. Yanayobaki ni yale mabovu, na wanunuzi wakishatambua hivyo, bei huanguka hadi 6,000,000. Gari bovu limelifukuza gari zima. Wala hapa hapana mtu aliyesema uongo. Kutolingana kwa habari peke yake kumetosha kuliharibu soko. Waswahili husema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Akerlof alionyesha kwamba magunia yakizidi, hata mwenye mbuzi mnono hamleti mnadani.

Ukaguzi ni njia mojawapo ya kulifungua gunia. Sasa hebu tulipime gunia hilo kwa shilingi.

Tumchukue mwalimu mmoja wa Kongwa anayetaka gari la bei ya 9,000,000. Namba zinazofuata ni za mfano, si takwimu za soko la Dodoma, na msomaji anaweza kuweka za kwake. Gari likiwa zima, thamani yake kwake ni 10,000,000. Kwa hiyo amepata faida ya 1,000,000. Likiwa bovu, matengenezo ya injini au giaboksi yatamgharimu 4,000,000, hivyo badala ya faida amepata hasara ya 3,000,000. Kwa kadiri anavyolijua soko, anakisia kwamba katika magari matano ya aina hiyo na bei hiyo, moja ni bovu.

Akinunua bila ukaguzi, wastani anaoutarajia ni huu: magari manne kati ya matano humpa 1,000,000 kila moja, la tano humnyang'anya 3,000,000. Jumla ni faida ya 1,000,000 kwa magari matano, au 200,000 kwa gari moja. Si nyingi, lakini ni faida. Kwa hiyo, pasipo habari nyingine, anunue.

Sasa tuseme amepatikana fundi asiyekosea kamwe. Mwalimu atanunua gari likiwa zima na kuliacha likiwa bovu. Magari manne kati ya matano yatampa 1,000,000, na la tano halitampa kitu wala halitamnyang'anya kitu. Wastani ni 800,000. Tofauti kati ya 800,000 na 200,000 ni 600,000, na hiyo ndiyo thamani ya habari. Fundi akitaka 100,000, alipwe haraka. Akitaka 700,000, hata kama hajawahi kukosea maishani mwake, asilipwe.

Zingatia kwamba thamani hiyo haikutokana na kulijua gari. Imetokana na uamuzi kubadilika. Fundi anaposema gari ni zima, mwalimu hufanya lile lile ambalo angelifanya bila yeye, yaani kununua. Habari hiyo inapendeza lakini haikumwongezea hata senti. Thamani yote imo katika yale magari mabovu ambayo angeyanunua na sasa hayanunui. Hivyo kuna swali la kujiuliza kabla ya kutoa fedha: je, liko jibu lolote la fundi litakalonifanya nisilinunue gari hili, au nishushe bei yake? Kama mtu amekwisha kulipa arabuni isiyorudishwa, au gari ni la mjomba wake na ukoo mzima umekwisha kukubaliana, au ameliota usiku na mchana kiasi kwamba hakuna la kumwambia, basi ukaguzi ni gharama tupu. Wapo wanaompeleka fundi baada ya kulipa, kwa ajili ya kutulia moyo. Moyo una thamani yake, lakini isichanganywe na hii tunayoihesabu.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuwaambia wanafunzi wake wachore mchoro wa thamani ya habari kwa kila uwezekano wa ubovu, kuanzia 0 hadi 1. Watakachokiona ni paa la nyumba lililoegemea upande mmoja. Uwezekano wa gari kuwa bovu ukiwa mmoja katika mia, thamani ya fundi asiyekosea ni 30,000 tu, na malipo ya 100,000 ni hasara. Ukipanda, thamani hupanda pamoja nao hadi kileleni, penye moja kwa nne. Hapo faida na hasara zinalingana sawasawa, mnunuzi hajui aende mbele au arudi nyuma, na fundi ana thamani ya 750,000. Kisha mstari unashuka polepole. Uwezekano ukifika tisa katika kumi, thamani ni 100,000, kwa maana gari la namna hiyo mtu asingelinunua hata bila kuambiwa. Habari ina thamani kubwa kuliko zote pale ambapo mtu amesitasita kwa haki.

Hii ndiyo sababu malipo ya ukaguzi hayawezi kuwa na jibu moja kwa watu wote na nchi zote. Nchini Uingereza, ambako mwandishi wa makala haya alisomea shahada ya uzamivu, magari yamekuwa yakipimwa kwa sheria tangu 1960. Siku hizi gari likishatimiza miaka mitatu hupimwa kila mwaka, na mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuyasoma matokeo ya vipimo hivyo. Sehemu kubwa ya gunia imefunguliwa na umma, hivyo fundi wa binafsi amebakiwa na kazi ndogo. Kwetu, Shirika la Viwango Tanzania lilianza mwezi Aprili 2021 kuyakagua magari yaliyotumika yakishawasili nchini, badala ya kukaguliwa kule yalikotoka. Lakini ukaguzi wa namna hiyo, popote ufanyikapo, unaeleza hali ya gari siku ile ya ukaguzi. Gari lililoteremshwa bandarini miaka sita iliyopita limekwisha kuishi maisha mengine.

Mpaka hapa tumemfanya fundi kuwa malaika. Tumrudishe duniani. Tuseme kati ya magari mabovu anayoletewa, huyagundua asilimia 80, na kati ya magari mazima huyahukumu kimakosa asilimia 10. Tuchukue magari 100: 20 mabovu, 80 mazima. Mabovu 16 atayakamata na 4 yatampita. Mazima 72 atayapitisha na 8 atayakataa bure. Mwalimu akifuata ushauri wake, katika magari 100 atanunua 76. Faida ni 72,000,000, hasara ni 12,000,000. Inabaki 60,000,000, au 600,000 kwa kila gari lililokaguliwa. Ukilinganisha na 200,000 za mwanzo, thamani ya fundi huyu mwenye kukosea ni 400,000. Amepoteza theluthi moja ya thamani ya malaika, na bado anastahili ujira wake wa 100,000 mara nne.

Lakini tazama jambo hili. Fundi huyu amekataa magari 24, na 8 kati yake ni mazima. Yaani, anapotikisa kichwa na kusema «hili achana nalo», kuna uwezekano wa moja kwa tatu kwamba amekosea. Wanafunzi wengi hudhani kwamba fundi anayekosea magari mazima mara moja katika kumi, basi hukumu zake za kukataa nazo zina makosa moja katika kumi. Sivyo. Magari mazima ni mengi kuliko mabovu, hivyo hata kosa dogo likigusa kundi kubwa huzaa idadi kubwa. Kanuni hii ni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761. Insha yake ilichapishwa miaka miwili baadaye na rafiki yake Richard Price. Daktari anayesoma majibu ya kipimo cha malaria hutumia kanuni hiyo hiyo, ajue au asijue.

Makosa ya kukataa gari zima yana chanzo kimoja ambacho ni cha kwetu hasa, watu wa uwanda wa juu, na sijaona kikielezwa ipasavyo. Kipimo kinachoaminika zaidi cha injini ya petroli ni kupima mgandamizo: plagi hutolewa, saa ya kipimo hufungwa mahali pake, injini huzungushwa kwa stata, na mshale unaonyesha pistoni inaweza kuibana hewa kwa kiasi gani. Jedwali la kiwanda husema, kwa mfano, pauni 170 kwa inchi ya mraba. Jedwali hilo ni la usawa wa bahari. Dodoma iko takriban meta 1,100 juu ya bahari, na kanieneo la hewa hapa ni pungufu kwa asilimia 12 hivi. Silinda inameza hewa nyepesi zaidi, hivyo injini ile ile iliyosoma 170 Dar es Salaam itasoma karibu 150 Dodoma, pasipo ugonjwa wowote. Fundi anayelifuata jedwali kwa upofu atasema ringi zimeisha. Mwenye busara hulinganisha silinda kwa silinda: zikisoma 150, 148, 151 na 149, injini ni nzima, zikisoma 150, 148, 151 na 105, hiyo ya nne ina jambo. Jaribio hili ni somo zuri la fizikia, na shule iliyo jirani na gereji inaweza kuliomba.

Uwanda wenyewe una ishara nyingine zinazoonekana bure, na habari ya bure hutangulia ile ya kulipia, kwani huusogeza ule uwezekano wa awali. Udongo wa kanda ya kati umetokana kwa sehemu kubwa na miamba ya granaiti, na mchanga wake una chembe za kwazi, madini magumu yanayoweza kukwaruza chuma. Gari lililokimbia miaka mingi katika barabara za vumbi na chujio bovu la hewa limekuwa likinywa msasa. Chomoa mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, pitisha kitambaa cheupe ndani yake. Kikitoka na vumbi jekundu, vumbi hilo limekuwa likienda kwenye silinda. Fungua mfuniko wa rejeta, gari likiwa baridi. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na ukoko mweupe au rangi ya kutu humaanisha kwamba gari limekuwa likijazwa maji ya kisima badala ya dawa ya rejeta. Mfuniko wenyewe nao ni muhimu kwetu kuliko pwani: kwa urefu huu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na mfuniko uliolegea hauwezi kuyazuia yasichemke. Gari lililotoka pwani nalo litazamwe chini ya tumbo, maana hewa yetu kavu haiponyi kutu iliyoanzishwa na chumvi ya bahari.

Omba gari liwashwe likiwa limelala, si lililokwisha kupashwa moto kabla hujafika. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi mweupe usiokoma ni maji yanayoingia mahali pasipo pake, ijapokuwa asubuhi ya baridi ya mwezi Julai mvuke mweupe wa dakika chache ni wa kawaida kabisa.

Kuna swali jingine lisilo la fizikia: fundi ni wa nani? Fundi aliyeletwa na dalali, ambaye hulipwa gari likiuzwa, atasema «zima» kwa gari zima na «zima» kwa gari bovu. Katika hesabu yetu huyo hugundua mabovu kwa asilimia 0, na thamani yake ni 0, hata akikagua bure. Mlipe wa kwako, aliye mbali na mauzo hayo, na umwahidi ujira ule ule gari likinunuliwa au lisinunuliwe.

Breki, usukani na matairi nimeyaacha nje ya hesabu hii kwa makusudi. Mteremko wa Sekenke hauulizi faida ya wastani. Hasara ya breki kukatika haiandikiki katika safu moja na shilingi 4,000,000 za giaboksi, na mtu asiyeweza kuzikagua mwenyewe amlipe fundi kwa ajili ya hizo pekee, hata kama mchoro wetu unasema habari ya injini haina thamani.

Swali la mwisho nawaachia wanafunzi, pamoja na jibu lake ili wajisahihishe. Fundi wa kwanza amekwisha kusema. Je, mwalimu wetu amlipe fundi wa pili, mwenye uwezo ule ule, 100,000 nyingine? Tuanze na magari 24 yaliyokataliwa. Tukiruhusu sehemu za gari, wa pili atayapitisha 7.2 yaliyo mazima na 3.2 yaliyo mabovu. Kuyanunua hayo ni faida ya 7,200,000 na hasara ya 9,600,000: hata akisema «zima», gari lililokataliwa na mwenzake halifai kununuliwa. Jibu lake haliwezi kubadili uamuzi, basi halina thamani. Kwa yale 76 yaliyopitishwa, wa pili ataokoa hasara ya 9,600,000 na kupoteza faida ya 7,200,000. Tofauti ni 2,400,000, ambayo ikigawanywa kwa magari 76 haifiki 32,000 kwa gari. Kwa ujira wa 100,000, hafai hapa wala pale. Hata hivyo, hizo 32,000 zinapatikana tu endapo mafundi hao wawili hukosea kila mmoja kivyake. Kama walijifunza kazi kwenye gereji moja, kwa bwana mmoja na jedwali lile lile la usawa wa bahari, basi wa pili atayarudia makosa ya wa kwanza, na thamani yake itakuwa ndogo zaidi ya hapo.